Juzuu ya 6 Haipo Tena: Kutunza Rafu ya Fruits Basket kwa Wasomaji Vijana

Ukiweka Fruits Basket, manga (hadithi ya picha ya Kijapani) ya juzuu nyingi, kwenye rafu ya vijana, jiandae kuitafuta juzuu ya 6. Ya 1 huazimwa kuliko zote, lakini hurudi. Ya 6 haitulii. Msomaji anaimaliza usiku, asubuhi anampa mwenzake shuleni, mwenzake anampa binamu yake, na kitabu ambacho kwenye daftari lako kiko kwa mtu mmoja kinakuwa kimeshapita mikono minne. Humo ndimo Kyo, mmoja wa wahusika wakuu, anamovuliwa bangili ya shanga asiyoiacha mkononi tangu mwanzo wa hadithi. Kinachotokea sitakisema, maana huenda unasoma hapa na bado hujafika. Ila kama unasimamia maktaba ya shule, kona ya kusomea au klabu ya vijana, nunua nakala mbili za juzuu hiyo kabla hujafikiria kitu kingine.

Mfululizo ni wa Natsuki Takaya. Ulianza Julai 1998 katika Hana to Yume, jarida la shojo (manga zinazochorwa kwa ajili ya wasichana) la kampuni ya Hakusensha, linalotoka mara mbili kwa mwezi, ukaisha Novemba 2006. Sura 136, juzuu 23. Mwaka 2001 ulipata Tuzo ya Manga ya Kodansha upande wa shojo. Wengi wanaoupigania leo walikuwa hawajazaliwa ulipokwisha, na wanaupigania hivyo hivyo.

Kwa asiyeujua: Tohru Honda ni mwanafunzi wa sekondari aliyefiwa na mama yake, Kyoko, kwa ajali ya gari. Anaishi kwenye hema, kumbe eneo alilolipiga ni la ukoo wa Sohma. Anachukuliwa kwenye nyumba ya Shigure, mtu mzima wa ukoo huo, wanamoishi pia Yuki na Kyo, vijana wa rika lake. Ukoo huo una laana. Baadhi yao wamebeba roho za wanyama 12 wa kalenda ya Kichina, na kuna wa 13, paka, ambaye kwenye ngano alidanganywa na panya kuhusu siku ya karamu akaikosa. Mwenye laana akikumbatiwa na mtu wa nje wa jinsia nyingine, anageuka mnyama wake, nguo zinabaki chini.

Mtu mzima akisikia hivyo anasema, ah, vichekesho vya mapenzi, msichana mmoja na wavulana wawili. Juzuu mbili za mwanzo zinasomeka hivyo kweli. Lakini wasikilize vijana wakiwa peke yao mezani. Swali la nani atampata Tohru linaisha haraka, tena kwa utani. Wanachokirudia ni Momiji, mmoja wa wenye laana, ambaye mama yake alifutwa kumbukumbu asijue kwamba ana mtoto wa kiume, naye Momiji anapishana na mama huyo akimsalimia kama mpita njia. Wanamrudia Hatori, daktari wa ukoo, na jicho lake. Wanamrudia Kisa.

Kisa ni miongoni mwa walio wadogo zaidi, simbamarara wa ukoo. Darasani walianza kumcheka kila akifungua mdomo, kisha wakawa hata hawamjibu, akaacha kusema kabisa. Mwalimu wake anamwandikia barua yenye maneno matamu: jipende kwanza wewe mwenyewe, ndipo wengine watakupenda. Yuki anaisoma ile barua na kuuliza, mtu anaanzaje kujipenda kama hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia kwamba anapendwa? Ukurasa huo, katika juzuu ya 5, ndio unaorudi kwenye rafu ukiwa umekunjwa pembe. Vijana wameshapewa ushauri wa yule mwalimu mara nyingi, na hapa kwa mara ya kwanza wanamwona mtu akiupinga kwa heshima.

Kuna na namna hadithi ilivyojengwa, jambo ambalo wengi wanaopanga rafu hawalioni. Kwa kuwa wanyama ni 12 na paka, msomaji anajua tangu mwanzo ni wangapi bado hawajatokea. Anawahesabu. Ng'ombe ameshakuja, nyoka ameshakuja, bado farasi, bado jogoo. Takaya anawachelewesha hao wawili makusudi, na kila mgeni analeta jeraha lake la nyumbani, tofauti na la aliyetangulia. Kwa hiyo hamu ya kijana imefungwa kwenye namba. Akisoma ya 4 kisha akakosa ya 5, akarukia ya 8 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo, hesabu inavurugika na raha inakwisha. Wengi wanaosemekana wameichoka hawakuichoka. Walikatiwa katikati kwa kukosa kitabu, wakaona aibu kurudi kuuliza.

Ndiyo maana kazi kubwa ya mwenye rafu hii ni kulinda mfuatano, kuliko hata kuitangaza.

Kuna matoleo mawili makubwa ya Kiingereza, na kuyachanganya ndiko kunakoleta fujo nyingi. La kwanza ni la Tokyopop, lililotoka kati ya 2004 na 2009, juzuu 23 nyembamba za kurasa takriban 200. Kampuni hiyo ilifunga kazi zake za uchapishaji Marekani mwaka 2011, hivyo toleo hilo unalipata la mtumba tu, kwa watu waliosoma na kukua. La pili ni la Yen Press, lililoanza 2016, juzuu 12 nene za kurasa takriban 400, kila moja ikibeba karibu juzuu mbili za zamani. Hesabu ya haraka ni hii: zidisha namba ya juzuu nene kwa mbili, utapata juzuu nyembamba inapoishia. Nene ya 3 inaishia karibu na nyembamba ya 6, ile ya bangili. Namba ninazotaja bila kusema ni za nene, ni za nyembamba. Nene ya 12 ina kilichobaki.

Sasa chukua rafu iliyopata michango. Kuna nyembamba ya 1, 2, 4 na 9, halafu mtu mwema amenunua nene ya 2. Kijana aliyemaliza nyembamba ya 2 anaitazama nene ya 2 asijue kama ndiyo inayofuata au ni ile ile. Akiiacha ataikosa ya 3, na akiichukua bila kuelezwa anaweza kudhani ameruka. Dawa yake ni kuchagua toleo moja na kulikamilisha. Kama huna lolote, anza na nene, kwa sababu kutafuta nyembamba moja iliyopotea kunaweza kukugharimu kuliko kitabu kipya kizima. Kila juzuu nene ni takriban dola 20 za Marekani, kwa hiyo seti nzima ni kama 240 kabla ya kusafirisha. Michango isiyokamilika iweke kwenye sanduku la kuuziana au kubadilishana, usiichomeke kati ya seti.

Halafu lebo. Manga hizi zinasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama Kiarabu, na matoleo yote mawili yamebaki hivyo. Weka kitabu mezani jalada la mbele likitazama juu: mgongo utakuwa upande wako wa kulia. Anayebandika lebo kwa mazoea ya vitabu vingine anakigeuza mgongo uwe kushoto, anagonga mhuri wa maktaba kwenye ukurasa anaodhani ni wa kwanza, na kwa kweli amegonga juu ya ukurasa wa mwisho wa hadithi. Kisha karatasi ya tarehe inabandikwa hapo hapo, na kila anayeazima anafunguliwa mwisho na mkutubi. Upande wa pili, yule anayejua jalada la mbele lakini akaweka msimbo wa kuskani katikati yake anamfunika mhusika uso, na vijana wataubandua kwa kucha mpaka karatasi ichanike. Msimbo wako uweke kwenye jalada lenye msimbo wa mchapishaji. Mhuri na karatasi ya tarehe viende kwenye ukurasa mtupu unaoukuta ukifungua jalada la mbele, mgongo ukiwa kulia. Na namba ya juzuu kwenye mgongo isifunikwe na lebo ya maktaba. Ikifunikwa, iandike upya juu ya lebo, kubwa, iweze kusomeka mtu akiwa amesimama.

Mtoto anayesoma manga kwa mara ya kwanza mpe dakika tano kabla hujamwacha aondoke nayo. Fungua ukurasa wenye fremu nne au tano, mwonyeshe kwa kidole: anza juu kulia, nenda kushoto, shuka, rudi kulia. Vivyo hivyo viputo vya maneno ndani ya fremu. Waliosoma madrasa hawana shida na mwelekeo, ila hata wao huteleza kwenye fremu ndefu inayoshuka upande mmoja wa ukurasa, wasijue waisome kabla au baada ya zile ndogo zilizo kando. Kanuni inayofaa mara nyingi: ukiiona iko kulia, ianze, ukiiona iko kushoto, imalizie.

Shojo ina ugumu wake wa ziada. Fremu nyingi hazina mistari. Mhusika anachorwa mwili mzima kando ya ukurasa, maua na vitone vimemzunguka, maneno yanaelea bila kiputo. Hayo yanayoelea ni mawazo, na mara nyingi hayasemi ni ya nani. Msomaji mpya anadhani ni Tohru kila wakati. Mfundishe atazame ni uso wa nani uliochorwa karibu au unaofuata, hapo ndipo mawazo yanapotoka, na akishindwa asonge mbele fremu mbili, mara nyingi jibu litakuja. Kitu kingine cha kumwonyesha ni nafasi iliyo kati ya fremu na ukingo wa ukurasa. Kwa kawaida ni nyeupe. Ikigeuka nyeusi, mara nyingi tumeingia kwenye kumbukumbu, tumerudi miaka nyuma. Katika Fruits Basket hilo ni la kila mara, kwa kuwa nusu ya hadithi ni mambo yaliyokwisha kutokea. Kijana akikwambia haelewi kwa nini Kyoko, aliyekufa, anaonekana akipika, mwonyeshe rangi ya ukingo.

Atakuuliza pia kama mchoraji alibadilishwa. Macho ya juzuu za mwanzo ni makubwa na nyuso ni za mviringo. Mbele zaidi macho yanapungua, nyuso zinarefuka, mistari inakuwa myembamba. Mchoraji ni yule yule. Takaya alilazimika kusimamisha kazi kwa muda kwa sababu ya upasuaji wa mkono anaochorea, na aliporudi mchoro wake haukuwa ule wa kwanza. Wengine wanaipenda zaidi ile ya zamani. Mabishano ya aina hiyo yaache yaendelee, ni dalili kwamba wanatazama.

Kuhusu kuazimisha. Seti moja inatosha wasomaji watano hivi. Wakifika kumi, foleni inakwama, na inakwama mahali pale pale: mmoja ameshika ya 4, 5 na 6 za toleo jembamba, au ya 2 na 3 za nene, na wote walio nyuma yake wanamsubiri. Hakuna haja ya kununua seti ya pili nzima. Ongeza nakala za theluthi ya mwanzo tu, kwa sababu wanaoanza ni wengi kuliko wanaofika mwisho, na wakishavuka hapo hawaendi tena kwa mwendo mmoja. Kwa nene, hiyo ni nakala mbili za 1 hadi 4 na moja moja za 5 hadi 12, jumla vitabu 16.

Sheria ya kuazima iwe nyepesi: nene mbili au nyembamba tatu kwa mara moja, namba zinazofuatana, wiki moja. Usiruhusu mtu kubeba seti nzima likizo inapoanza, hata awe mwaminifu namna gani. Na usimtoze faini kwa siku mbili za kuchelewa. Anayeogopa faini hafichi pesa, anaficha kitabu. Mruhusu kuandika jina kwa juzuu inayofuata siku hiyo hiyo anapochukua iliyopo, na umwambie kuna watu wangapi mbele yake. Kusubiri kunakojulikana kunavumilika.

Vitabu hivi vitachanika. Kurasa zimeshikwa kwa gundi ya mgongo tu, hazikushonwa, na maneno ya karibu na mgongo yanamlazimisha msomaji akifungue kitabu kwa nguvu mpaka kilale. Gundi inapasuka, kwa kawaida katikati, na kurasa zinatoka zikiwa kipande. Gundi kali ya matone haifai, inakauka ngumu kama kioo na kupasuka tena. Selotepu nayo inageuka njano na kunata kurasa za jirani. Tumia gundi nyeupe ya mbao, ile inayokauka ikabaki laini. Chovya kijiti cha mshikaki, pitisha ute mwembamba, upana wa milimita mbili, kwenye ukingo wa ukurasa uliotoka, usukume ndani mpaka uguse mgongo, weka karatasi ya nailoni pande zote mbili, funga kitabu, ukandamize kwa vitabu vizito mpaka kesho yake. Ukizidisha gundi itafura na kushika kurasa tatu pamoja. Jalada livishe nailoni kabla ya kuazimwa mara ya kwanza. Baada ya hapo umechelewa.

Wengi watafika kwako wakitoka kwenye anime (katuni ya Kijapani ya kwenye skrini), na hapo uliza swali moja tu: ya mwaka gani? Kuna ya 2001, vipindi 26, ya Studio Deen, iliyotengenezwa manga ikiwa bado iko mwanzoni. Inaishia karibu na pale bangili inapovuliwa, na haikuweza kujua mambo makubwa ambayo Takaya alikuja kuyafichua baadaye. Na kuna ya 2019 hadi 2021, ya TMS Entertainment, vipindi 63 kwa misimu mitatu, inayofika mwisho wa hadithi. Aliyeona ya kwanza peke yake anakuja akiwa na uhakika na mambo ambayo manga itamgeuzia. Usimsahihishe. Mpe juzuu ya 1. Hata aliyemaliza ya 2019 mpe ya 1, ingawa atalalamika kwamba anajua kila kitu. Anime hiyo ilipanga upya baadhi ya matukio, kwa hiyo hakuna namba safi ya kumwambia "endelea hapa", na kinachopungua kwenye skrini ni ile minong'ono ya mawazo inayoelea ukurasani.

Wazazi nao watakuja. Maswali yao kwa kawaida ni matatu. La kwanza, hasa kwa familia zetu, ni kama huu ni uchawi au kupiga ramli, kwa kuwa kuna laana, wanyama na miaka ya kuzaliwa. Jibu la kweli ni kwamba kalenda ya wanyama 12 ni ya kuhesabu miaka, na laana ni ya hadithi, kama zimwi au jini kwenye ngano zetu. Hakuna anayefundishwa kutabiri. La pili ni zile nguo zinazobaki chini. Mwonyeshe ukurasa wenyewe, usimweleze kwa mdomo: kuna moshi, kuna mtu amegeuza uso, basi. La tatu ndilo halali kuliko yote, na ni wachache wanaoliuliza kwa sababu hawakufungua kitabu: je, kuna mambo mazito? Yapo. Kuna mkuu wa ukoo, Akito, anayepiga na kujeruhi. Kuna mtoto aliyefungiwa chumba cha giza, mzazi aliyejiua, wazazi wanaomkana mtoto wao mezani. Wachapishaji wanaiweka kwa rika la miaka 13 na kuendelea, na rika hilo linafaa. Mtoto wa miaka 10 ataifurahia juzuu ya 1 na kuogopa ya 11.

Kwa hiyo mtu mzima mmoja wa hapo mahali asome mfululizo wote, mpaka mwisho, kabla ya kuuweka. Si kwa ajili ya kukata kurasa. Ni ili kijana akija na swali juu ya mtu wa hadithini, ambalo kwa kweli si juu ya mtu wa hadithini, uwe unajua anazungumzia ukurasa gani. Anayeazima juzuu ile ile mara ya tatu bila kuendelea, mtazame kwa utulivu. Usimuulize mbele za wenzake. Mkae pembeni, umuulize juu ya mhusika kwanza, na uwe na namba ya mshauri wa shule karibu kama mazungumzo yataelekea huko.

Tena usibandike neno "wasichana" kwenye rafu. Shojo ndivyo jarida lilivyoiweka, lakini wavulana wanaisoma, na wanaisoma kwa kuificha ndani ya kitabu kingine ukiwawekea kibao hicho. Iweke pamoja na manga nyingine kwa herufi ya jina.

Mkiwa na mikutano, tatizo la kwanza litakuwa kutoboa siri. Kukataza hakusaidii, maana aliyefika juzuu ya 17 amejaa na lazima atapasuka. Weka meza tatu kwa mahali watu walipofika. Waliosoma mpaka ya 6, waliosoma mpaka ya 16, na waliomaliza (kwa namba za zamani). Mtu anaweza kukaa meza ya nyuma yake, hawezi kukaa ya mbele yake. Kabla ya kusema lolote anataja namba: "Juzuu ya 5." Ambaye hajafika anaziba masikio au anahama. Kanuni hii wanaishika wenyewe baada ya mkutano mmoja, na wanaisimamia kwa ukali kuliko mtu mzima.

Mchezo ulioupa mfululizo jina unafaa kufungulia mkutano. Kwa watu 13 panga viti 12 kwa duara, mmoja asimame katikati. Gawa matunda manne, tuseme embe, nanasi, papai na pera, kila mtu awe na tunda lake, hata aliye katikati. Tunda moja litakuwa na watu wanne. Wa katikati akitaja "papai", mapapai wote wanabadilishana viti naye anawahi kimoja. Atakayebaki amesimama ndiye anayetaja tena. Akisema "kikapu cha matunda" wote wanahama. Matunda yasizidi matano kwa idadi hiyo, la sivyo kuna wanaokaa dakika kumi bila kuitwa. Na kukaa bila kuitwa ndiko kulikompata Tohru. Alipokuwa mdogo wenzake walimpa jina la onigiri, donge la wali, kwenye mchezo wa matunda, akakaa akisubiri jina ambalo haliwezi kutajwa. Vijana wenye utani watataka kumpa mmoja wao jina hilo "kama kwenye kitabu". Kataa. Kwa kijana aliyeingia darasa jipya akiwa peke yake anayezungumza Kiswahili, huo si mchezo tena.

Kipande kingine cha kusomwa kwa sauti ni yale maneno ya Tohru kwa Kyo, kwamba uzuri wa mtu ni kama ile plamu chachu ikiwa imebandikwa mgongoni mwa donge la wali: mwenyewe haioni, anaziona za wenzake tu. Soma, kisha nyamaza. Ukiuliza "tunajifunza nini?" umeua mazungumzo.

Baada ya muda watataka kuchora. Wapewe A4 ya kawaida na rula, wachore fremu ya ndani ya milimita 150 kwa 220, michoro na maneno ya muhimu yasitoke nje ya hapo. Kwanza wapange ukurasa kwenye kikaratasi kidogo, A4 iliyokunjwa mara tatu, kwa vijiti na duara tu. Hapo ndipo waamue mwelekeo. Wakiandika Kiswahili wachore kutoka kushoto kwenda kulia, maana sentensi ya kwenda kulia ndani ya ukurasa wa kwenda kushoto inamchosha msomaji. Kosa la karibu kila anayeanza ni kuchora kiputo kwanza kisha kuminya maneno ndani. Viputo vya Kijapani ni virefu na vyembamba kwa sababu maandishi yao yanashuka. "Hatutakusahau" haliingii humo bila kukatwa. Andika maneno kwanza kwa penseli, yasizidi kumi, zungushia kiputo kipana, ndipo uchore mtu kwenye nafasi iliyobaki. Kalamu ya wino wa jeli ya 0.5 inatosha nyuso, ya 0.3 kwa nywele. Wino ukauke kabisa kabla ya kufuta penseli, maana jeli inabaki mbichi kuliko inavyoonekana na ukurasa mzima unachafuka kijivu.

Jambo moja la mwisho la rafu. Takaya alirudi mwaka 2015 na Fruits Basket Another, juzuu chache, wahusika wapya, Sawa Mitoma akiwa mkuu wao. Kwa kuwa ni fupi na jina linafanana, wasiojua huianza hiyo, na kuna wanaoipanga kabla ya ile ndefu kwa sababu ya herufi A. Wanaozunguka hapo ni watoto wa wale wa kwanza, kwa hiyo kurasa chache tu zinatosha kukuambia nani alimwoa nani. Iweke nyuma ya kaunta, na itoe kwa anayerudisha juzuu ya mwisho.